Mbu haambukizi ukimwi, lakini ni kwa nini?

Hapana mwanafunzi wa shule ya upili katika wadi ya Mautuma, na yamkini katika kaunti nzima ya Kakamega, asiyejua kwamba ukimwi hauenezwi na mbu. Muulize swali hilo naye atakujibu kabla hujalimaliza, maana amelijibu katika mitihani tangu akiwa shule ya msingi, akaandika "si kweli" mbele ya sentensi ya mbu, na ya kikombe, na ya choo, na ya kuamkiana kwa mikono. Lakini mwongezee swali la pili: ni kwa nini mbu aambukizaye malaria asiambukize na ukimwi, ilhali magonjwa yote mawili yamo katika damu, na mbu chakula chake ni damu? Hapo ndipo utamwona akitazama dari. Na ukimgeukia mwalimu wake, aghalabu naye hutazama papo hapo.

Nadai kwamba kimya hicho ndicho kiini cha mushkili wetu. Tumewapa vijana hukumu bila ushahidi. Tumewakaririsha orodha ya mambo yanayoambukiza na yasiyoambukiza, kama tulivyowakaririsha majina ya mito na milima, tukadhani tumewakinga. Mtu aliyepewa hukumu tupu hana silaha. Siku atakapokutana na mganga hodari wa maneno, au mwenzake wa bwenini mwenye uvumi mpya, ataibadili hukumu ile kwa nyingine kama abadilivyo shati. Lakini yule aliyeielewa njia wanayoipita virusi hahitaji orodha ya mtu, ataitunga mwenyewe.

Tuanze basi na huyo mbu, ambaye huku kwetu magharibi hahitaji kutambulishwa. Vimelea vya malaria vikiingia tumboni mwa mbu jike wa jamii ya anofelesi huwa vimefika nyumbani. Huzaana humo, hukua kwa siku kumi au zaidi, kisha husafiri hadi kwenye tezi zake za mate vikingoja mtu wa kuumwa. Mbu kwa malaria si mchukuzi tu, bali ni mlezi. Virusi vya ukimwi havina makao hayo. Ili viishi na kuzaana vyahitaji aina fulani ya chembe nyeupe za damu ya binadamu, zile wataalamu wanazoziita CD4, nazo mbu hana. Damu aliyoinywa humeng'enywa tumboni mwake kama ugali unavyomeng'enywa tumboni mwetu, na virusi vilivyomo huteketea pamoja nayo. Tena mbu anapouma hamtemei mtu wa pili damu ya mtu wa kwanza. Mrija unaotoa mate ni mmoja na unaofyonza damu ni mwingine, na kitu pekee anachokuachia mwilini ni mate.

Asiyeridhika na mirija ya mbu, ambayo hata hivyo haionekani kwa macho matupu, na ahesabu watu. Mbu habagui umri. Humuuma mtoto wa darasa la tatu kama amuumavyo mjomba wake, na malaria huwalaza wote wawili. Kama mbu angalikuwa anaeneza ukimwi, watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili wangaliugua sawa na wazazi wao. Walakini tangu siku za kwanza za janga hili katika Afrika Mashariki sura iliyoonekana ilikuwa nyingine: watoto wachanga waliozaliwa na mama walioambukizwa, kisha pengo kubwa la miaka ya shule ya msingi, kisha vijana na watu wazima. Pengo hilo ndilo jibu. Mwalimu anaweza kulichora ubaoni kwa dakika tatu, na ningependa kumwona mwanafunzi ambaye atalisahau.

Sasa tuseme waziwazi njia yenyewe. Virusi vya ukimwi, au VVU kwa ufupi, ni dhaifu mno nje ya mwili wa mtu. Ukavu, joto na sabuni huvimaliza. Mwilini hupatikana kwa wingi wa kuweza kuambukiza katika mambo machache tu: damu, shahawa na majimaji yanayoitangulia, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Na kuwapo kwake humo hakutoshi. Sharti vipate mlango: utando laini wa sehemu za siri, jeraha bichi, sindano iliyopenya, au kinywa na utumbo mchanga wa mtoto anyonyaye. Mambo ni mawili basi, majimaji yenye virusi na mlango ulio wazi, na linapokosekana moja hapana ambukizo. Mwanafunzi na aipime kila dhana kwa mizani hiyo. Jasho la mwenzake uwanjani? Halina virusi vya kuambukiza. Kikombe cha chai? Mate hayaambukizi, na koo si jeraha. Choo cha shule? Ngozi nzima ya paja ni ukuta, si mlango. Hata daktari aliyejidunga kwa bahati mbaya sindano yenye damu ya mgonjwa asiyetumia dawa haambukizwi ila katika matukio kama matatu kwa kila elfu moja, na ndani ya saa 72 anaweza kuanza kumeza dawa za kulizuia hata hilo. Dawa hizo hupewa pia mtu aliyebakwa, jambo ambalo kila msichana wa shule angepaswa kulijua kama anavyolijua jina lake, kwa kuwa saa zile 72 hazimsubiri mtu aliyekaa nyumbani akilia kwa aibu.

Je, kama elimu hii si ngumu, imekuwaje isienee? Jibu limo katika namna tulivyoanza. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984, miaka mitatu baada ya madaktari wa Los Angeles kuandika habari za vijana watano waliougua kwa namna isiyoelezeka, na mwaka mmoja baada ya wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris kuvitambua virusi vyenyewe. Miaka kumi na mitano ikapita kabla ya Rais Moi kuutangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, tarehe 25 Novemba 1999. Katika kipindi hicho kirefu watu waliachiwa kujieleza wenyewe. Kagera, Tanzania, maradhi yaliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wachuuzi wa magendo. Uganda yakaitwa silimu kwa sababu ya kukondesha. Majirani zetu wa Nyanza wengi wakasema ni chira, adhabu ya mtu aliyevunja mwiko. Serikali ilipozinduka ilikuja na mabango ya mafuvu na mifupa. Hofu ikawa ndiyo somo. Nayo hofu, msomaji mpendwa, ni mwalimu mbaya, kwani humfundisha mtu kumkimbia mgonjwa badala ya kuikimbia njia ya ugonjwa.

Palipo hofu bila maarifa, tiba za uongo hazikosi kuota. Mwaka 1990 Wakenya walitangaziwa kwa shangwe dawa iliyoitwa Kemron, iliyotokana na utafiti wa taasisi yetu wenyewe, KEMRI. Majaribio yaliyofuata katika nchi mbalimbali hayakuona faida yake. Mwaka 1996 ikaja Pearl Omega, nayo ikapita. Na tusiwacheke wazee wetu wa miaka hiyo, kwa maana mwaka 2011, simu za mkononi zikiwa mifukoni na vyuo vikuu vikiwa kila pembe, maelfu ya watu wakiwamo Wakenya wengi walipanga foleni ya magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500 za Tanzania. Wako walioacha dawa zao za hospitali waliporudi. Mtu anayejua kwamba virusi hujificha ndani ya chembe za damu na hurudi kuzaana dawa ikikoma angalau angeuliza swali kabla ya kupanda gari.

Dhana nyingine ina mizizi mirefu zaidi ya zote: kwamba aliyeambukizwa hutambulika kwa macho. Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga, ila hapa macho hayafai kitu. Mtu huweza kuishi miaka minane, kumi, bila dalili ya maana. Na wiki za mwanzo kabisa, ambapo pengine huhisi mafua tu, ndizo ambazo virusi vimejaa zaidi katika damu yake na ndizo ambazo ni rahisi zaidi kumwambukiza mwenziwe, ilhali kipimo cha kawaida huenda bado kikasema hana. Ndiyo sababu wahudumu humwambia mtu arudi kupimwa baada ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Wengi hulichukua jibu la kwanza kama cheti cha maisha.

Mautuma ina mambo yake pia. Sehemu hii ya Lugari ilikuwa mashamba ya walowezi wa kizungu, ikagawiwa Waafrika baada ya Uhuru, na ndiyo maana utawakuta humo Wamaragoli, Wabukusu, Watachoni na wengineo wamechanganyika, kila mmoja na desturi zake za jando. Kwa Wabukusu, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili ni msimu wa ngoma na njuga. Kisu kimoja kilichopita kwa wavulana kadhaa bila kusafishwa ni njia halisi ya damu kukutana na jeraha bichi. Hilo si dhana potofu hata kidogo, na wazazi wanaodai kila mwana awe na kisu chake, au wanaompeleka hospitali kisha wakacheza ngoma nyumbani, wamelielewa. Dhana potofu iko upande wa pili. Utafiti uliofanywa Kisumu miongoni mwa vijana 2,784, ukasimamishwa mapema mwezi Desemba 2006 kwa kuwa matokeo yake yalikuwa dhahiri, ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Habari hiyo ilipofika vijijini ilipunguzwa maneno. Kijana wa Kiluhya aliyetahiriwa akajiona amevaa ngao ya chuma. Kupunguza kwa nusu si kuzuia, kama vile mwavuli uliotoboka si nyumba. Na tohara ya mwanamume haimkingi moja kwa moja mwanamke anayelala naye ikiwa mwanamume huyo ana virusi. Kondomu, ikitumiwa vyema na kila mara, huwakinga wote wawili. Wale wanaohubiri kwamba mpira wake una vitundu vinavyopitisha virusi wanasema jambo ambalo maabara imelikanusha zamani. Kondomu hushindwa kwa kupasuka au kuvaliwa vibaya, au, kwa kawaida zaidi, kwa kubaki mfukoni.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 2004, katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias za wakati huo, ambazo ni jirani zetu na kwa wengi ni kwao kabisa, mtafiti wa uchumi aitwaye Pascaline Dupas alifanya jaribio ambalo kila chumba cha walimu kingepaswa kulijadili. Jaribio hilo lilikuwa sehemu ya mradi mkubwa zaidi uliohusu shule za msingi 328. Katika nusu ya shule hizo walimu walipewa mafunzo ya kufundisha ukimwi kwa kufuata mtaala wa kitaifa, ambao ujumbe wake mkuu ulikuwa ni kujizuia hadi ndoa. Kisha katika shule 71 mgeni aliingia darasa la nane kwa kipindi kimoja cha dakika 40, akawaonyesha wanafunzi filamu fupi, akajadiliana nao, halafu akaandika ubaoni takwimu za Kisumu: ni wanaume wangapi wenye virusi miongoni mwa vijana wa rika la wanafunzi, na ni wangapi miongoni mwa wanaume waliowazidi umri. Basi. Hakuwaambia wafanye nini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Mtaala wa kujizuia haukupunguza mimba za wasichana. Kipindi kile cha dakika 40 kilizipunguza kwa asilimia 28. Wasichana walionekana kuwaepuka wanaume wakubwa, na mimba ni shahidi asiyedanganya, kwani haihojiwi kwa dodoso. Wengi wao kabla ya siku ile hawakujua kwamba mwanamume mzima mwenye kazi, shati safi na pesa za nauli ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko mvulana wa darasa lao. Walidhani kinyume chake. Na kwa nini wasidhani hivyo? Mtu mzima anaonekana ametulia, ana mke, ana shamba, pengine ni mzee wa kanisa. Mvulana anaonekana mtukutu. Dhana potofu haikuwa ya mbu wala kikombe. Ilikuwa ya umri, na hakuna kitabu cha kiada kilichoigusa.

Nasema hivyo nikijua nitawaudhi baadhi ya walimu wenzangu na viongozi wa dini. Sisemi kwamba kujizuia ni ujinga; mzazi yeyote angependa bintiye asubiri, na anayesubiri hajaambukizwa kwa njia hiyo. Nasema kwamba sentensi moja, "jizuieni", haiwezi kuwa silabasi nzima. Msichana wa Mautuma anayetembea kilomita kadhaa hadi shuleni, anayebebwa bure na mwendesha bodaboda siku za mvua, anayetumwa gulioni Turbo kwenye barabara kuu ya malori ya Malaba, na ambaye kijijini kwao matanga bado hugeuzwa disko usiku kucha ijapokuwa machifu hupiga marufuku kila mwaka, hana uhaba wa maonyo. Ana uhaba wa hesabu. Anahitaji kujua ni nani hasa hatari na kwa nini: kwamba mwanamume wa miaka thelathini ameshakuwa na wapenzi kadhaa, nao walikuwa na wengine, ilhali kijana wa miaka kumi na sita aghalabu hajafika huko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wenye virusi walikuwa asilimia 4.9, wanawake 6.6 na wanaume 3.1. Tofauti hiyo imetokana kwa kiasi fulani na maumbile ya mwanamke, ambayo humpa virusi utando mpana zaidi wa kuingilia. Kwa kiasi kikubwa imetokana na wanaume hao waliozidi umri, ambao siku hizi vijana huwaita sponsa, jina zuri mno kwa kazi wanayoifanya.

Wavulana nao wasijifariji. Mvulana wa leo mwenye kiwango kidogo ndiye mwanamume wa kesho mwenye kiwango kikubwa, na yuko njiani kuelekea huko tangu siku atakapoanza kuamini kwamba yeye hapimwi, mkewe ndiye apimwe kliniki akishika mimba, na jibu la mke ni jibu la mume. Hilo nalo si kweli. Wako wenzi wengi ambao mmoja anavyo virusi na mwenziwe hana, na wameishi hivyo miaka.

Wanaishije? Hapa ndipo maarifa yamesonga mbele kuliko vitabu vyetu. Tangu mwaka 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi hutolewa bila malipo katika hospitali za umma nchini. Mwaka 2011 utafiti uliofanywa katika nchi tisa, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba mtu aliyeanza dawa mapema alipunguza kwa asilimia 96 uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake. Miaka mitano baadaye utafiti wa Ulaya uliwafuatilia wenzi 888 ambao mmoja wao alikuwa na virusi vilivyopungua hadi kutoonekana kwenye kipimo. Baada ya kukutana kimwili mara zipatazo 58,000 bila kondomu, hakuna aliyeambukizwa na mwenziwe. Mtu anayemeza dawa zake kila siku, na ambaye kipimo kimethibitisha kwamba virusi havionekani, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Ikiwa ni mama, uwezekano wa kumwambukiza mtoto, ambao bila huduma yoyote ni kati ya asilimia 15 na 45, hushuka chini ya asilimia 5. Walakini hajapona. Akiacha dawa, virusi hurudi. Maneno hayo mawili, "haambukizi" na "hajapona", lazima yafundishwe pamoja, kwa kuwa anayesikia la kwanza peke yake atazitupa tembe, na anayesikia la pili peke yake atamtupa mtu.

Joe Muriuki, Mkenya aliyetajwa kuwa wa kwanza kujitokeza hadharani na kusema ana virusi, aliambiwa habari zake mwaka 1987. Alifariki mwaka 2022. Kati ya tarehe hizo mbili mna miaka thelathini na mitano, na mtoto aliyezaliwa siku aliyopewa majibu angalikuwa sasa mwalimu mkuu msaidizi.

Na huyo mtoto ndiye ninayemfikiria zaidi. Katika kila shule ya bweni yenye mamia ya wanafunzi si ajabu kuwamo mmoja au wawili waliozaliwa na virusi, wakamezeshwa dawa na nyanya zao tangu utotoni, wakafika kidato cha kwanza na sanduku la bati, godoro na kopo la tembe. Hawajafanya kosa lolote. Damu yao, wakimeza dawa, haimdhuru mtu mezani wala kitandani mwa bweni. Lakini wanajua wenzao wanaamini nini. Wanajua kwamba mwanafunzi aliyeandika "si kweli" mbele ya kikombe katika mtihani ndiye atakayesogeza kikombe chake kando jioni hiyo hiyo. Basi hujaza pamba koponi ili tembe zisilie sandukuni. Hungoja taa zizimwe. Siku mwalimu wa zamu anapozunguka, huacha kumeza. Siku tatu huwa wiki, wiki huwa muhula, virusi huizoea dawa, na mtoto aliyekuwa mzima Januari hurudi nyumbani Agosti amelala kiti cha nyuma cha matatu.

Sheria si tatizo. Watoto wa makao ya Nyumbani, Nairobi, walipokataliwa na shule za umma, kesi ilifikishwa Mahakama Kuu, na Januari 2004 ikakubaliwa kwamba waandikishwe. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza shule kumnyima mwanafunzi nafasi, kumtenga au kumfukuza kwa sababu ya virusi, inakataza kumlazimisha apimwe ndipo aandikishwe, na inamzuia aliyeijua hali ya mtu kuitangaza bila idhini yake. Mwalimu anayeutoboa mkebe wa siri katika chumba cha walimu, hata kwa kuhurumia, amevunja sheria hiyo. Tena wapo walimu wanaoishi na virusi, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wana mtandao wao wa kitaifa, KENEPOTE. Wamesimama mbele ya madarasa na kueleza kwa midomo yao yale ambayo sisi wengine tunayasoma kwa kukimbia kitabuni.

Linalobaki ni mambo madogo ya shule yenyewe, ambayo hayahitaji waraka kutoka Nairobi. Muhula ukifunguliwa, dawa zote za wanafunzi ziwekwe katika kabati moja la matroni: za pumu, za kifafa, za selimundu ambayo huku kwetu ni nyingi, na hizi. Zihamishiwe katika vikopo vya namna moja visivyo na jina la dawa kwa nje, ila namba tu. Wote wenye dawa waitwe saa moja, kwa kengele moja, baada ya maandalio ya jioni, wapewe maji, wameze, warudi bwenini. Na Ijumaa moja kabla ya likizo ya Agosti, mwalimu wa bayolojia aombe kipindi cha dakika 40, achore mbu ubaoni, achore pengo la umri, kisha aandike umri wa wanaume kwa safu na mbele ya kila umri kiwango chake, akae chini, aulizwe maswali.